Bei ya Askari Mmoja: Hesabu za Samuel Battle na Jiji la New York

Katika orodha ya watu 638 waliofaulu mtihani wa kuingia polisi wa New York, jina la Samuel Jesse Battle lilikuwa sehemu ya juu. Nyuma yake walikuwapo mamia ya watu. Kwa utaratibu wa kawaida wa ajira, mtu aliye sehemu ya juu huitwa mapema, na wa 600 ndiye anayekaa nyumbani akiisubiri barua. Battle alirukwa. Daktari wa polisi alimpima akatoa jibu kwamba moyo wake una mlio usio wa kawaida, hivyo hafai kwa kazi ya askari. Alikuwa kijana wa miaka 28, mwenye urefu wa sentimita 190 na uzito wa kilo 127, aliyekuwa akipata riziki yake kwa kubeba masanduku ya abiria katika stesheni ya Grand Central. Mtu mwenye moyo mbovu hadumu katika kazi ile.

Viongozi wa jamii ya Weusi wa New York walipiga kelele, wakashinikiza apimwe upya, na safari hii moyo ukaonekana mzima. Aliapishwa tarehe 28 Juni 1911 na kupewa beji namba 782. Moyo huohuo uliendelea kupiga hadi Agosti 1966, yaani miaka mingine 55. Tukichukua mapigo 70 kwa dakika, ni mapigo bilioni 2 na ushei baada ya cheti cha daktari kusema haufai. Natanguliza hesabu hii kwa sababu inaonyesha gharama ya kwanza kabisa iliyotozwa kwa Mmarekani Mweusi wa zama zile: alilazimika kununua mara mbili kitu ambacho mwenzake Mzungu alikipata kwa malipo ya mara moja.

Mwaka 1910 sensa ya Marekani ilihesabu watu 4,766,883 katika Jiji la New York. Kati yao Weusi walikuwa 91,709, karibu 1.9 katika kila 100. Jeshi la polisi la jiji lilikuwa na askari wapatao 10,000. Kama jeshi lile lingefanana na watu liliowalinda, lingekuwa na askari Weusi kama 190. Tangu miji na wilaya jirani zilipoungana kuwa jiji moja kubwa mwaka 1898, halikuwa limeajiri hata mmoja. Wachache sana waliokuwamo walirithiwa kutoka polisi wa Brooklyn, mji uliokuwa ukijitegemea kabla ya muungano huo. Brooklyn ilikuwa imemwajiri Wiley Overton mwaka 1891. Wenzake wakamsusa, naye hakudumu. Mwaka uliofuata akaingia Moses Cobb, ambaye alivumilia. Cobb alikuwa shemeji yake Battle, na ndiye aliyemtia shauku ya kuvaa sare.

Kwa hiyo muungano wa 1898, uliotangazwa kuwa hatua kubwa ya maendeleo, kwa Weusi uligeuka ukuta wa miaka 13. New York nayo haikuwa ya kwanza wala ya pili nchini mwake. Boston ilikuwa imemwajiri Horatio Homer mwaka 1878, miaka 33 kabla ya Battle. Los Angeles, ambayo wakati huo ilikuwa mji mdogo wa magharibi, ilifanya hivyo mwaka 1886. Jiji kubwa na tajiri kuliko yote Marekani lilikuwa nyuma ya miji ambayo ingeweza kumezwa na kata zake chache.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu maisha ya mtu huyu yana deni moja la zamani ambalo bila kulielewa hesabu nyingine hazikai sawa.

Battle alizaliwa New Bern, North Carolina, tarehe 16 Januari 1883. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Inasimuliwa kwamba siku aliyozaliwa alikuwa na ratili 16, yaani zaidi ya kilo 7, na watu wakasema hajapata kuzaliwa mtoto mkubwa kama huyo katika jimbo lile. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi mwashi na mhubiri wa Kimethodisti. Kijana mwenyewe hakuwa malaika. Akiwa bado mdogo alikamatwa akiiba fedha za tajiri aliyekuwa akimfanyia kazi. Tajiri yule alimheshimu mzee Thomas, na kwa heshima hiyo hakupeleka shauri mahakamani. Lakini alimtabiria kijana kwamba kabla ya mwaka kwisha atakuwa gerezani.

Fikiria mizani ya tukio lile. Kusini mwa Marekani, miaka ya 1890, kijana Mweusi aliyeshikwa na fedha za Mzungu. Majimbo yale yalikuwa na utaratibu wa kuwakodisha wafungwa kwa wenye mashamba na wajenzi wa reli, na wengi waliokodishwa walikuwa Weusi. Kesi moja ingetosha kumzika. Aliokolewa na uhusiano wa watu wazima wawili na jina jema la baba yake. Mwenyewe alisema baadaye kwamba siku ile ndipo maisha yake yalipogeuka. Aliapa kwamba utabiri ule hautatimia. Nusu karne baadaye alikuwa akiketi kwenye meza inayoamua nani aachiwe kutoka jela na nani abaki. Nitafika huko.

Alielekea kaskazini kama vijana wengi wa rika lake. Alifanya kazi za nyumbani Connecticut, kisha akaingia New York na kuwa mchukuzi wa Grand Central. Wachukuzi wa pale walivaa kofia nyekundu, nao kwa sehemu kubwa waliishi kwa bakshishi. Msomaji asiidharau kazi hii. Mkuu wa wachukuzi, James H. Williams, alikuwa miongoni mwa Weusi waliojulikana sana mjini, na chini yake walipita vijana waliokuwa wakitafuta karo za vyuo. Kofia nyekundu zilikuwa chama, benki ya habari, na mahali ambapo mtu Mweusi aliweza kujuana na wakubwa wa jiji kwa kuwabebea mizigo yao. Battle alipanda hadi kuwa msaidizi wa mkuu huyo. Alioa mwaka 1905, akawa baba, na usiku akisoma vitabu vya mtihani wa polisi.

Sasa tuingie kituoni.

Kituo chake cha kwanza kilihudumia San Juan Hill, upande wa magharibi wa Manhattan, mtaa uliokuwa na Weusi wengi na ugomvi usiokwisha kati yao na Wazungu maskini wa mitaa jirani. Siku hizo askari hawakufanya zamu na kurudi nyumbani kama wa leo. Baada ya doria walibaki kituoni kama akiba, wakilala kwenye bweni, tayari kuitwa usiku wowote. Bweni ndilo lililokuwa moyo wa kikosi. Pale ndipo askari mpya anapofundishwa nani ni mwizi sugu wa mtaa, afisa gani ni mkali, mlango upi usipite peke yako usiku wa manane.

Wenzake walikataa kulala naye chumba kimoja. Battle alipelekwa dari, kwenye chumba cha kuhifadhia bendera za kituo, akalala huko peke yake. Wala hakuna aliyemsemesha. Hawakumtukana sana, walimnyamazia. Ilikuwa adhabu iliyopangwa, yenye lengo la kumfanya aondoke kwa miguu yake mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa Overton wa Brooklyn miaka 20 nyuma. Siku moja alikuta karatasi ya vitisho iliyotobolewa tundu la ukubwa wa risasi, ikimweleza kwamba asipoacha kazi, hilo ndilo litakalomfika. Nje nako watu walikuja kumtazama akiwa lindoni kama wanavyokwenda kutazama simba kwenye bustani ya wanyama. Hakushtaki, wala hakupeleka malalamiko magazetini. Alipanda darini, akafungua vitabu, akaanza kujisomea mtihani wa usajenti.

Gharama ya kunyamaziwa haiingii kwenye bajeti ya jiji, lakini inapimika. Ni maarifa ambayo askari hapewi, na msaada ambao hana hakika kama utafika akipiga filimbi gizani. Kwa kazi ya ofisini, kususiwa ni uchungu. Kwa askari wa doria, ni hatari ya kifo. Na si neno tu: askari Mweusi aliyeajiriwa baada yake, Robert Holmes, aliuawa kwa risasi Harlem tarehe 6 Agosti 1917 akimfukuza mwizi. Holmes ndiye polisi Mweusi wa kwanza wa New York kufa kazini.

Battle alihamishiwa Harlem, na hapa hesabu za sensa zinaanza kukimbia. Mwaka 1910, watu Weusi wa Harlem ya kati walikuwa 1 katika kila 10. Mwaka 1920 walikuwa 3 katika 10. Mwaka 1930, 7 katika 10. Kwa jiji zima, Weusi waliongezeka kutoka 91,709 mwaka 1910 hadi 327,706 mwaka 1930, kisha 458,444 mwaka 1940. Ni mara 5 katika miaka 30, na miaka hiyo 30 ndiyo hasa Battle aliyokuwa polisi. Watu walikuja kutoka Kusini kama alivyokuja yeye, wengine wakija kutoka visiwani, Barbados na Jamaica, wakijazana kwenye vyumba vya kodi kubwa. Polisi waliowakuta wengi walikuwa Wazungu, na wengi wao hawakumjua mkazi hata mmoja wa mtaa waliopewa kuulinda.

Mwaka 1919 askari mmoja Mzungu alimpiga risasi mtu Mweusi katika purukushani pale Harlem, na umati ukamzingira ukitaka kummaliza. Battle aliingia katikati ya watu, akamtoa askari yule akiwa hai. Alitumia mwili wake mkubwa na sura inayofahamika mtaani. Baada ya hapo wenzake walipiga kura kumruhusu aingie katika shule ya maandalizi ya mtihani wa usajenti, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imemfungia mlango. Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo. Ruhusa ya kukaa darasani, ambayo askari wengine waliipata kwa kulipa ada, yeye aliilipia kwa kuhatarisha roho yake, na mwenye deni akiwa mtu wa kundi lilelile lililomlaza darini.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alichokitaka Battle kilikuwa mezani, hadharani, kimeandikwa kwenye sheria ya utumishi wa umma: faulu, panda. Bado aliinama miaka 15.

Alipata usajenti mwaka 1926, akiwa na miaka 43; Mweusi wa kwanza wa cheo hicho katika polisi wa New York. Uluteni ulikuja mwaka 1935, akiwa na miaka 52. Wa kwanza tena. Aliondoka polisi mwaka 1941. Ukiigawa miaka yake 30 ya sare, nusu yake, miaka 15, ilikuwa ya askari wa kawaida. Miaka 9 sajenti. Miaka 6 luteni. Kwa maneno mengine, jiji lilitumia nusu ya kazi ya mtu mwenye akili ya uongozi kwa kumtembeza doria.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Kipimo kizuri ni mtu aliyepita mlango wa pili. Wesley Williams alikuwa mtoto wa yule mkuu wa kofia nyekundu, James H. Williams. Battle alimjua tangu utotoni na alimshauri alipojiunga na zimamoto ya New York mwaka 1919. Siku Williams alipofika kituoni, mkuu wa kituo alistaafu, na askari wa zimamoto wote wakaomba uhamisho. Alinyamaziwa kama Battle. Lakini alikuwa na mtu wa kumwambia siku ya tatu itakuwaje, na mwezi wa sita, na mwaka wa pili. Alipata uluteni mwaka 1927, baada ya miaka 8. Akawa kapteni mwaka 1934, na mkuu wa batalioni mwaka 1938. Ngazi tatu katika miaka 19. Battle alihitaji miaka 24 kwa ngazi mbili.

Kuna tofauti nyingi kati ya polisi na zimamoto, na Williams mwenyewe alikuwa mtu wa uwezo mkubwa. Hata hivyo mimi naamini sehemu ya ile miaka 16, tofauti kati ya kuusubiri uluteni miaka 24 na kuupata kwa 8, ililipwa na Battle mapema. Mtu wa kwanza hugharamia ramani, na wa pili hutembea juu yake. Mwaka 1940 Williams naye aliwakusanya askari wenzake Weusi wa zimamoto katika chama cha Vulcan Society, ili wa tatu na wa mia wasianze upya.

Sasa upande wa pili wa daftari: jiji lililipa nini kwa kuchelewa?

Mchana wa tarehe 19 Machi 1935, kijana wa miaka 16, Lino Rivera, mzaliwa wa Puerto Rico, alikamatwa katika duka la Kress, Mtaa wa 125, akiwa amechukua kisu kidogo cha mfukoni cha senti 10. Walimtoa kwa mlango wa nyuma na kumwachia aende zake. Lakini uvumi ulishatoka kwamba polisi wamemuua. Gari la kubeba maiti likapita karibu kwa shughuli nyingine kabisa, na watu wakaona ndio ushahidi. Usiku ule Harlem ililipuka. Watu watatu walikufa, wote Weusi, mamia walijeruhiwa, zaidi ya 100 walikamatwa, na hasara ya mali ikakadiriwa kufikia dola milioni 2.

Dola milioni 2 za 1935 ni kama dola milioni 45 za leo. Kisu kilikuwa senti 10. Hasara ile ingenunua visu milioni 20 vya aina ileile, visu viwili na ushei kwa kila mkazi wa New York, watoto wachanga wakiwemo.

Polisi walimtafuta kijana yule kwa saa nyingi ili waonyeshe kwamba yu hai. Walipompata, ilibidi apigwe picha, na swali likawa asimame na nani. Alisimama na Luteni Samuel Battle, mkono wa mzee ukiwa begani mwa kijana. Picha ikasambazwa magazetini. Ndani ya jeshi zima, sura iliyoweza kuaminiwa na Harlem ilikuwa hiyo moja, nayo ilikuwa imepewa uluteni mwaka huohuo.

Tuwe waangalifu hapa. Sidai kwamba maluteni 10 Weusi wangezuia ghasia za 1935. Wasomi waliochunguza walikuta mizizi mirefu kuliko polisi. Meya Fiorello La Guardia aliunda tume, utafiti wake ukaongozwa na mwanasosholojia E. Franklin Frazier, nao ukaorodhesha ubaguzi wa ajira, kodi za nyumba, shule mbovu, hospitali, na ukatili wa polisi. Serikali ya jiji haikuitoa ripoti; gazeti la Weusi la Amsterdam News ndilo lililoichapisha mwaka 1936. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nina hakika nacho: uvumi hushinda pale ambapo msemaji wa serikali haaminiki, na uaminifu haununuliki jioni ileile unapohitajika. Ungepaswa kuanza kulimbikizwa mwaka 1898.

Ushahidi mwingine ulikuja usiku wa tarehe 1 Agosti 1943. Askari polisi Mzungu alimpiga risasi mwanajeshi Mweusi, Robert Bandy, katika hoteli moja ya Harlem. Bandy alijeruhiwa bega, hakufa. Uvumi ukasema amekufa, mbele ya mama yake. Ni hadithi ya 1935 iliyobadilishwa majina. Watu 6 walikufa, wote Weusi, mamia walijeruhiwa, zaidi ya 500 walikamatwa, makadirio ya juu ya hasara yalifika dola milioni 5, ambazo leo ni kama milioni 90. Meya alimwita tena Battle aingie mitaani kutuliza watu. Alikuwa na miaka 60, na alikuwa ameshavua sare miaka miwili nyuma.

Ukijumlisha makadirio ya mausiku yale mawili, unapata dola milioni 7 za wakati ule na maiti 9. Tuyaweke kando ya gharama za kuwa na askari 190 mwaka 1911. Mishahara ya askari hao isingekuwa gharama mpya hata senti moja, kwa maana nafasi zao zilikuwapo na zilijazwa na wengine. Bei halisi ya kuwaajiri ilikuwa sifuri. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema jamii ilihitaji muda wa kujiandaa. Muda ule haukuwa bure. Ulikuwa mkopo, na waliolipa riba yake hawakuwa wale waliokopa.

Nimesema nitafika kwenye meza ya wafungwa. Mwaka 1941 La Guardia alimteua Battle kuwa kamishna wa parole, Mweusi wa kwanza katika kazi hiyo jijini. Parole ni utaratibu wa kumwachia mfungwa kwa masharti kabla hajamaliza kifungo, akisimamiwa nje. Kiti alichokalia kilikuwa cha Lou Gehrig, mchezaji mashuhuri wa besiboli aliyefariki Juni mwaka ule kwa ugonjwa ambao Wamarekani hadi leo huuita kwa jina lake. Gehrig alikuwa akilipwa dola 5,700 kwa mwaka, zaidi ya dola 120,000 kwa thamani ya leo.

Battle alikaa kwenye kiti kile miaka 10. Huko ndiko naona sura yake kamili kuliko kwenye sare. Alianzisha mipango ya kuwarekebisha vijana na michezo kwa ajili ya watoto wa Harlem, akihesabu kwamba kijana aliye uwanjani ni kijana ambaye faili lake halitafika mezani. Kila alipofungua faili la mwizi mdogo alikuwa akisoma habari zake mwenyewe za New Bern. Tofauti kati yake na aliyekaa mbele yake ilikuwa tajiri mmoja aliyeamua kutopeleka shauri mahakamani. Gharama ya huruma ile ilikuwa kiasi cha fedha kilichoibwa kabatini, na faida yake ni miaka 30 ya polisi na 10 ya parole. Sijui mwekezaji aliyewahi kupata faida kama hiyo.

Nyumbani kwake kulikuwa Strivers' Row, safu za nyumba nzuri za matofali kwenye Mitaa ya 138 na 139 zilizojengwa miaka ya 1890 kwa ajili ya Wazungu. Kampuni iliyozimiliki ilikataa kuwauzia Weusi hadi karibu mwaka 1919, ingawa nyingine zilikaa tupu. Hata matofali yalikuwa na miaka yake ya kusubiri. Askari vijana Weusi walipita kwake kuuliza ushauri, na jirani mwenye mtoto aliyekamatwa alijua mlango wa kugonga.

Mbali na hapo, kwingine saa ilikwenda polepole zaidi. Atlanta iliajiri askari wake 8 wa kwanza Weusi mwaka 1948, miaka 37 baada ya Battle. Hawakuruhusiwa kuingia katika kituo kikuu. Walifanyia kazi chini ya jengo la YMCA. Hawakuruhusiwa kumkamata Mzungu, na sharti hilo halikuondolewa hadi 1962. Jiji lililipa gharama ya kituo cha pili ili watu wenye sare moja wasikae chumba kimoja. Lile dari la bendera la New York, Atlanta ililijenga rasmi kwa fedha za umma.

Na New York yenyewe? Kutoka Battle hadi kamishna wa polisi Mweusi wa kwanza, Benjamin Ward, ni 1911 hadi 1984: miaka 73. Kutoka Battle hadi mwanamke wa kwanza kuongoza jeshi lile, Keechant Sewell, ambaye pia ni Mweusi, ni hadi Januari 2022: miaka 110 na nusu. Leo Weusi ni kama 20 katika kila wakazi 100 wa jiji, na kama 15 katika kila polisi 100. Pengo ni dogo mno ukilinganisha na 190 dhidi ya mmoja. Lakini bado ni pengo, na katika jeshi la watu zaidi ya 30,000 kila alama moja ya asilimia ni askari 300 na zaidi.

Battle alijua thamani ya kumbukumbu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alimpa kazi mshairi Langston Hughes, jirani yake wa Harlem, aandike maisha yake. Hughes aliandika, wachapishaji hawakuitaka. Mswada ulikaa kwenye makabrasha kwa zaidi ya nusu karne, hadi mwandishi wa habari Arthur Browne alipoutumia kuandika kitabu chake cha mwaka 2015. Kwa wasomaji wa vizazi viwili, askari namba 782 alikuwa jina kwenye mistari michache tu ya historia ya jiji.

Alistaafu mwaka 1951 na kufariki tarehe 7 Agosti 1966, akiwa na miaka 83. Tangu mwaka 2009 njia panda ya Mtaa wa 135 na Lenox, ambako alisimama lindoni, ina kibao cha jina lake. Kiliwekwa miaka 98 baada ya kuapishwa kwake, na miaka 43 baada ya kufa kwake.